Mashine ya Jirani wa Chini

Grrr-shaa, grrr-shaa, grrr-shaa. Ndivyo ilivyolia, rafiki yangu, na hata leo ukiniamsha usingizini ukaniuliza mashine ya jirani yetu ilikuwa na sauti gani, nitakuigizia bila kukosea. Juzi tu, kwenye ghala ninakofanya kazi kule Cheektowaga, nje kidogo ya mji wa Buffalo, Marekani, mkanda wa kupitishia maboksi ulianza kukwaruza namna ile ile, nami nikasimama na boksi langu kifuani kama mtu aliyeitwa jina. Wenzangu wakanicheka. Hawakujua kwamba nilikuwa nimesharudi mtaa wa West Side, kwenye nyumba ya mbao, mtoto wa shule, na soksi mbili mbili miguuni.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa mbili. Sisi tulikaa juu: baba, mama, mimi, na bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Koko. Chini alikaa mzee mmoja Mzungu aliyefiwa na mke wake, mtu wa maneno machache, anayetembea kwa kuvuta mguu. Joto lilipanda kutoka besimenti, chumba cha chini ya ardhi, kupitia matundu ya sakafuni yenye wavu wa chuma, na pamoja na joto vilipanda vitu vyote vya mzee: kikohozi chake, kahawa yake, redio yake, na ile sauti.

Koko alikuwa mtu wa masikio. Kule milimani kwetu, Kivu ya Kusini, masikio yake ndiyo yaliyotutoa nyumbani tukiwa hai. Alisikia bunduki zikiwa bado mbali, akaacha sufuria ya ugali motoni, akanifunga mgongoni, akatangulia njia. Basi siku alipoinama kwenye tundu la joto, akasikiliza, akatabasamu, hakuna aliyethubutu kumbishia sana.

"Iko mashini ya kusaga," akasema.

Mama alicheka. "Koko! Hapa Buffalo? Mashini ya kusaga?"

"Minasema ni mashini. Na ule muzee nilimuona na macho yangu, anaingiza mufuko, picha ya mahindi juu yake. Bon. Anakula nini na mahindi yote ile, yeye peke yake?"

Mfuko huo hata mimi nilikuwa nimeuona. Na kwetu, ujue, mtu mwenye mashine ya kusaga ni wa mtaa mzima. Huombi ruhusa, unapeleka beseni lako, unaamkia, unasubiri zamu. Koko alikuwa amechoka na unga wa dukani, alisema hauna hata harufu. Akanunua mahindi makavu kwenye duka la mtu wa kwetu, akayachambua akiimba, akayatia kwenye beseni na kunitwika kichwani.

"Umuamkie kwanza," akaniambia. "Halafu uache beseni. Usisimame pale kumukodolea macho kama polisi."

Nilishuka kwa furaha, maana mimi nilikuwa mtoto wa ndoto. Kabla ya kufika ngazi ya mwisho nilikuwa nimeshajiona mkubwa, nina mashine yangu mwenyewe, akina mama wa West Side wote wamepanga foleni na mabeseni yao, na unga mweupe umenijaa nyusi.

Besimenti ilikuwa na taa moja tu, juu ya meza ya mzee. Alikuwa amenipa mgongo. Mezani bakuli kubwa la plastiki lilikuwa linatetemeka, grrr-shaa, na ndani yake kulikuwa na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, rangi ya asali. Koko hakuwa amekosea sana. Lakini katikati ya yale magunzi, vikipanda na kuzama kama samaki, niliona maganda ya risasi. Mengi. Ya shaba, yanang'aa. Yalikuwa yanasafishwa.

Mimi sikupiga kelele. Beseni ndilo lililopiga kelele, na mahindi yakakimbilia kila pembe. Mzee aligeuka na kuinua mikono yote miwili juu, nadhani alishtuka kuliko mimi. Kitu cha mwisho nilichoona nikikimbilia juu ni yeye akijishusha taratibu kwa goti lake bovu, aanze kuokota mahindi yetu moja moja.

Tangu hapo nyumba yetu ilibadilika. Koko alichukua kitenge chake cha ndege wa bluu, akakikunja, akafunika tundu la joto la chumba chetu, akaweka sufuria juu yake kana kwamba kuna kitu kingeweza kupanda. Baridi ikaingia chumbani, tukawa tunalala na makoti. Mama alianza kuongea kwa sauti ya chini. Mimi darasani, mtu akifunga kitabu kwa nguvu, moyo wangu ulikuwa ukikimbia peke yake.

Baba akashuka kuzungumza na mzee, na mimi nikaenda kutafsiri, nimeshika mkia wa koti lake. Mzee alituketisha, akatupa biskuti. Akaeleza kwamba hawindi, hajawahi kumlenga kiumbe. Anaketi kwenye benchi, bunduki inalala juu ya vifuko vya mchanga, na mbali kule kuna karatasi. Kazi yote ni kupitisha risasi zote kwenye tundu moja. Ndiyo maana anatengeneza risasi zake mwenyewe, zifanane kama mapacha, za dukani hazifai.

"Karatasi ilimukosea nini?" baba akaniuliza.

Nikamwambia mzee kwamba baba anasema ni kazi ngumu.

Mzee akafurahi, akazidi kueleza. Miaka hiyo, alisema, vifaa vilikuwa vimeadimika. Baruti hakuna, na vile vidude vya kuwashia baruti, vidogo kuliko kifungo cha shati, ukienda dukani unakuta rafu tupu. Ila kuna mama mmoja mji wa Columbus anayeuza vifaa vya marehemu mume wake, na Louisville kutakuwa na mnada mkubwa wa wauzaji wa mambo hayo. Macho yake hayamruhusu tena kuendesha gari mbali. Je, baba angeweza kumpeleka?

Baba hakujua kumkatalia mtu mwenye mvi. Na tena, dada yake, shangazi yangu, alikaa Louisville. Tulipopanda juu kueleza, Koko alikuwa amesimama mlangoni anatusubiri.

"Bon," akasema. "Na mimi naenda. Mutaniacha kule kwa binti yangu. Mi sitalala tena juu ya risasi."

"Mama, ni ya kutoboa karatasi..."

"Mwana wangu, bote wanasemaka hivyo."

Baba alinivuta pembeni, akanionya nisimwambie mzee sababu. Kwetu humwambii jirani kwamba unamwogopa, ni kama kumvua nguo mbele ya watu. Niseme tu Koko amemkumbuka binti yake. Nikakubali, nikaenda kujifunika blanketi. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na hofu mbili, rafiki yangu: ya mashine, na ya kitanda kisicho na Koko ndani yake.

Tuliondoka alfajiri, mzee mbele na baba, mimi na Koko nyuma, na masanduku ya Koko yamejaza buti yote. Columbus tulifika mchana, mtaa wa Clintonville, nyumba zenye vibaraza na miti mikubwa isiyo na majani. Yule mama mjane alikuwa ameshavitoa vitu vya mumewe: chuma kizito chenye mkono wa kushindilia risasi, vifuko vya ngozi vya kujaza mchanga, kimoja kina masikio kama sungura, na boksi moja ambalo alilitoa akiwa amelikumbatia. Mzee alishika kila kitu kwa vidole vya taratibu, kama anayeshika nguo za mtoto. Yule mama akageuka upande kufuta macho.

Kwenye buti hapakuwa na nafasi. Basi boksi likaja nyuma, likawekwa kati ya miguu yangu na miguu ya Koko. Lilikuwa na makopo ya baruti.

Hiyo njia ya Columbus hadi Louisville sijaisahau. Koko alikunja miguu yake juu ya kiti, yeye mtu mzima na magoti yake mabaya, na kila gari liliporuka kwenye shimo alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. "Polepole, weye! Tutapasuka!" Baba akapunguza mwendo, malori yakatupigia honi, na hofu ya Koko ikanihamia mimi yote. Nilikuwa nimeliangalia boksi lile kiasi kwamba nilianza kuamini linapumua. Koko akaanza kuomba, kwa ile sauti yake ya kupanda na kushuka.

Mzee akageuka, anatabasamu. "Mwambie bibi yako anaimba vizuri sana."

"Anasema nini?" Koko akauliza.

"Anasema unaimba muzuri."

"Umuambie mi simuimbie yeye! Ninasema na Mungu juu yake!"

"Anasema asante," nikamwambia mzee, na baba akakohoa kuficha kicheko, kicheko pekee cha safari ile.

Kesho yake, baada ya kulala kwa shangazi, Koko alibaki naye, sisi tukaenda na mzee kwenye ule mnada. Ukumbi mkubwa kama uwanja, na meza baada ya meza zimejaa bunduki. Nilifumba macho, baba akaniongoza kama kipofu. Nilisikia vyuma vikifunguka na kufunga, klak, klak, pande zote, na kila klak nilimwona Koko na sufuria yake motoni. Nilipofumbua nikagundua kwamba mzee hakuwa akiziangalia bunduki hata kidogo. Alikuwa anainamia meza za nyuma, za vitu vidogo, akiuliza vile vidude vyake vya kuwashia, na kila mahali wanamtingishia kichwa: vimekwisha, umechelewa. Mwishoni mtu mmoja alimtolea pakiti kadhaa chini ya meza yake, na uso wa mzee ukawaka kama wa mtoto wa Krismasi. Kisha kwenye meza ya makorokoro, kati ya taa mbovu na mitego ya panya, akaokota kitu kingine cha chuma, akazungusha mpini wake, akakinunua. Sikukiangalia vizuri. Nilidhani ni cha risasi.

Mchana tukarudi kwa shangazi kumuaga Koko. Mzee naye alishuka kwenye gari, akavuta mguu wake hadi mlangoni, akamkabidhi Koko kile chuma. Kilikuwa kinu cha mkono cha kusagia mahindi.

"Niliona mahindi yake," mzee aliniambia. "Mwambie samahani, mashine yangu haisagi."

Nikatafsiri. Koko alizungusha mpini wa kile kinu mara moja, akakisikiliza. Kisha akanyoosha mgongo, akamtazama mzee usoni.

"Muulize hivi. Zile risasi anatengeneza, ni za kuua nani?"

"Usitafsiri ile," baba akasema haraka.

Niliogopa kumwaibisha baba, niliogopa mzee atakasirika, niliogopa zaidi kwamba nikinyamaza mlango ule utafungwa na Koko yuko ndani. Nikamgeukia mzee, nikamwambia kila neno. Nikaongeza na lile la kitenge juu ya tundu, na baridi ya chumba chetu, na kwamba hakuja Louisville kutembea.

Masikio ya mzee yakawa mekundu. Akatoa kwenye pochi kikaratasi kilichokunjwa, akampa Koko. Katikati kilikuwa na tundu moja, kubwa kidogo kuliko punje ya hindi. Koko alikiinua, akamchungulia mzee kupitia lile tundu.

"Muzee muzima," akasema polepole, "anatoboa karatasi." Na midomo yake ikacheza kidogo. Lakini alipomrudishia, alitikisa kichwa. "Muambie iko mutu muzuri. Macho yangu inaona. Masikio yangu njo haijui."

Akabaki.

Tukashika njia ya kurudi Buffalo. Nyuma, mahali pa Koko, palikuwa na boksi.

Jumamosi iliyofuata nilimwona mzee dirishani anakokota meza yake kwenye theluji, kuelekea gereji ya nyuma ya nyumba. Baba alitazama mara moja tu, akavaa viatu, akashuka kumsaidia bila kuulizwa. Wakahamisha kila kitu: lile bakuli, kile chuma, makopo, taa yenyewe. Tangu hapo mzee alifanya kazi zake kule nje, amevaa koti na kofia ya manyoya, pumzi yake inatoka kama moshi wa chungu.

Nikampigia Koko. Niliondoa sufuria, nikafunua pembe ya kitenge, nikaweka simu kwenye tundu.

"Sikiliza, Koko."

"Sisikie kitu."

"Njo hivyo, Koko."

Nikasikia anapumua kwa pua, kama alivyofanya akitaka kulia na hataki uone.

Theluji ilipoyeyuka, shangazi alimrudisha, kinu mapajani. Sasa ikawa zamu yetu kuwa na kelele. Kinu kilifungwa kwenye meza ya jikoni, na kila kilipolia mzee chini alizima redio yake asikilize. Koko alimpelekea uji wa unga ule kwenye kikombe. Hawakuwahi kuzoeana kwa maneno. Na kitenge hakikutoka kwenye tundu miaka yote ile. "Kiko tu," Koko alisema, "hakiombi chakula."

Baadaye mzee alichukuliwa na binti yake, akaishi mbali sana, na gereji ikabaki na harufu ya mafuta tu. Koko naye hayupo, amelala upande wa makaburi ambao theluji huwahi kuyeyuka, baba ndiye aliyechagua. Kinu ninacho mimi. Ndoto ya mashine kubwa na foleni ya akina mama pia ninayo bado, usinicheke.

Siku tuliyohamia Cheektowaga, gari lilikuwa limeshajaa na baba anapiga honi. Nilirudi juu peke yangu. Chumba kilikuwa kitupu, zimebaki sufuria na ndege wa bluu waliopauka. Nikapiga magoti, nikaondoa sufuria, nikakunja kitenge. Joto likanigusa uso. Nikainama, nikalaza sikio pale Koko alipokuwa akilaza lake.