Bi Nukta na Kioo cha Mistari

Kwa miaka kumi na tisa alisahihisha vitabu vya shule, na miaka hiyo yote hakuna aliyemwona akifikicha macho. Wenzake katika kampuni ile ya uchapaji walimbatiza Bi Nukta, maana nukta ikikosekana ukurasa wa mia mbili na kumi yeye ataiona tu, tena huku anapiga soga na mtu mwingine. Jina likamganda, hata mumewe akaanza kumwita hivyo.

Kisha zikaja laptopu mpya. Zilikuwa nyembamba kama sinia, na vioo vyake viling'aa hivi kwamba mtu angeweza kuchana nywele mbele yavyo. Meneja alizigawa kwa mkono wake mwenyewe, akizishika kama anayebeba mayai. Za zamani ziliuzwa wiki hiyohiyo.

Siku ya tatu Bi Nukta alihisi kama amemwagiwa mchanga machoni. Wiki ya pili kichwa kikawa kinamgonga kutoka sikio hadi sikio. Akirudi nyumbani alikaa jikoni na kitambaa chenye maji usoni, mumewe akipika bila kuuliza. Jumamosi alikuwa na nafuu, Jumapili mzima kabisa, na Jumatatu saa nne asubuhi mambo yakaanza upya.

Akamwendea fundi wa kompyuta wa ofisini.

"Mwanga umezidi, mama," fundi alisema, akabonyeza mara tano sita kuushusha bila hata kuketi. "Fanya kazi hivyo, utaona raha."

Bi Nukta akashukuru. Mchana ule ndipo alipotapika kwa mara ya kwanza.

Daktari wa macho alimwekea vioo vya kila aina, akamsomesha herufi ukutani, kisha akasema macho ni mazima. "Ni umri tu, mama. Sote tunakwenda huko."

"Huu umri wangu mbona unapumzika Jumamosi na Jumapili?"

Daktari akacheka, akamwandikia miwani. Bi Nukta hakucheka. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Mwezi wa tatu likatokea lililokuwa lazima litokee. Kitabu cha hesabu cha darasa la tatu kilitoka mtamboni kikisema saba mara nane ni hamsini na nne. Alikuwa ameupitisha ukurasa ule jicho moja limefumbwa. Meneja akamwandikia barua ya onyo, na katikati ya barua akaweka neno *uzembe*.

Alilisoma neno lile mara tatu. Kosa alilikiri, kwa sababu lilikuwa lake. Lakini uzembe? Yeye, aliyekuwa akienda kuosha uso kila nusu saa ili amalize sura moja? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Akachukua kalamu nyekundu, akaisahihisha barua yenyewe. Makosa manne katika mistari tisa. Akairudisha juu ya meza ya meneja, akatoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata alikuja shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa televisheni, mtu wa utani mwingi. Alipoisikia habari yote, utani ukamwisha.

"Shemeji, hebu kiwashe hicho kidudu ulichokuja nacho kutoka ofisini."

Akatoa simu, akafungua kamera, akaielekeza kwenye kioo cha laptopu. Ndani ya simu ikaonekana mistari mipana myeusi ikiteremka juu ya maandishi, mmoja baada ya mwingine.

"Unaiona? Kioo hiki ukikiambia punguza mwanga, hakipunguzi. Kinauzima na kuuwasha, upesi mno, mamia ya mara kwa sekunde. Wengine hawasikii kitu. Wewe kinakuumiza." Akaupandisha mwanga hadi mwisho, mistari ikapotea. Akaushusha, ikarudi, minene zaidi.

Bi Nukta akaifunga laptopu. "Kwa hiyo yule fundi dawa aliyonipa ndiyo sumu."

"Ndiyo hiyo, shemeji."

Alijaribu kuuacha mwanga juu kabisa, ikawa kama kutazama jua dirishani. Basi akashika njia, simu mkononi, kuzunguka maduka. Duka la kwanza muuzaji alimfuata kila hatua kama anayemlinda mwizi.

"Mama, unapiga picha za nini?"

"Napima vioo."

"Wenzako wanauliza uzito, wanauliza rangi. Haya, chukua hii, ina kinga ya macho. Si imeandikwa hapa kwenye boksi?"

Bi Nukta akaushusha mwanga, akaielekezea simu. Mistari. "Basi kinga iko kwenye boksi," alisema, "kwenye kioo haijafika."

Duka la nne alipata moja isiyopendeza, nene kidogo, kioo chake hakiakisi hata taa ya dari. Alishusha mwanga hadi chini, kamera haikuonyesha kitu. Akasimama pale akisoma dakika arobaini nzima. Kichwa kimya. Akaandika jina la mashine ile kwenye karatasi, akaenda nayo moja kwa moja kwa meneja.

Meneja aliitazama kwenye simu mistari ya laptopu ya ofisini, akatikisa kichwa. "Hiyo ni kamera yako tu. Mbona wengine hawalalamiki?"

Sauti ikatoka mlangoni. Ni mpangaji kurasa, mwanamume mrefu mpole ambaye meza yake ilipakana na ya Bi Nukta. "Mimi nameza vidonge vya kichwa tangu zije."

Ungedhani Bi Nukta angefurahi. Alimgeukia kwa hasira kubwa kuliko aliyokuwa nayo kwa meneja. "Umenisikia naitwa mzembe, ukakaa kimya?"

Yule bwana akarudi mezani kwake.

Meneja akaona maji yamezidi unga. Akasema watanunuliwa laptopu mbili za aina ile, na barua ya onyo akaitoa kwenye faili aichane.

"Usichane," Bi Nukta akasema. "Umenichafua kwa karatasi, nisafishe kwa karatasi."

Barua ya kumsafisha ilichukua siku nane. Ilikuwa na mistari miwili, haina pole wala samahani. Aliisoma akiwa amesimama, akataka nakala yenye mhuri, akapewa.

Laptopu zilipofika, mpangaji kurasa alikuja mezani kwake amebeba yake, bado imo ndani ya boksi.

"Niliogopa, Bi Nukta. Nilidhani watasema nami nimezeeka."

"Na mimi niliogopa," alijibu. Alimsogezea kiti, lakini hakutabasamu. "Lete nikuonyeshe namna ya kuipima kabla hujaanza kuifanyia kazi."