Jumanne ya Effie Rennie

Katika jengo lao la Glasgow, kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kufua, na siku ya mtu haikuguswa. Ufunguo wa chumba cha kufulia kule uani ulipita mlango kwa mlango, kwa zamu. Jumanne ilikuwa ya Effie Rennie tangu alipoletwa pale bibi harusi.

Kisha mumewe, Wattie, akafa, na Bi. Purdie wa ghorofa ya chini akaanza kuhesabu nguo za wenzake.

"Sasa uko peke yako, Effie," alimwambia ngazini, mikono kiunoni. "Unafua nini, soksi? Mie nina watoto saba, Jumatatu hainitoshi. Nipe Jumanne, wewe fulia kwenye beseni lako."

"Nimefiwa na mume, sijahama," Effie akajibu. "Na zamu yangu ya kusugua ngazi mbona huitaki?"

Maana kadi ya ngazi, ile iliyozunguka mlango kwa mlango kuonyesha ni zamu ya nani kusugua, haikujua ujane. Wiki yake ilipofika ilitundikwa kwenye kitasa chake, naye akapiga magoti akasugua, kama alivyofanya wiki hiyo aliyokuwa akiimaliza. Kwenye kazi alikuwa mwenyeji, kwenye haki wakamfanya mgeni. Hilo lilimchoma.

Jumatatu jioni ufunguo haukufika. Bi. Purdie aliukalia. Effie hakwenda kugonga. Cha kwako hukibishii hodi.

Asubuhi aliteremka na kapu lake, akakaa juu ya ndoo penye mlango wa chumba cha kufulia. Bi. Purdie akaja, akajifanya hamwoni, akafungua, akajaza maji pipa la kuchemshia, akawasha makaa na kuyapuliza mpaka machozi yakamtoka. Maji yalipoanza kutokota, Bi. Purdie akaenda nyumbani kwake kuleta nguo, ufunguo akauacha mlangoni.

Effie akaingia na kujifungia.

"Effie, fungua. Huo moto nimewasha mie."

"Na umewaka vizuri, shoga. Ahsante sana. Sasa mwenye Jumanne anafua."

Dirishani juu jirani mmoja akaangua kicheko. "Bi. Purdie, leo umepika karamu ya mwenzio."

Nguo za Effie zilikuwa chache kweli. Katika hilo Bi. Purdie hakusema uongo. Lakini chini ya kapu mlikuwa na mashati ya Wattie, yote, ambayo Effie hakuwa ameyafua tangu mazishi kwa kuogopa kuipoteza harufu yake. Moja alikuwa akilala nalo. Aliyatumbukiza majini, akalia mle ndani ya mvuke, kisha akashika mkono wa mashine ya kukamulia akauzungusha kwa nguvu zake zote.

Adhuhuri kamba zote za uani zilijaa. Bi. Purdie alisimama akiyatazama yale mashati.

Effie akafunga mlango, akapanda hadi kwa mwenye Jumatano, akamkabidhi ufunguo mkononi. Kisha akachukua kadi ya ngazi nyumbani kwake, akashuka, akaitundika kwenye kitasa cha Bi. Purdie. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Bi. Purdie kusugua.