Gari Isiyokuwa Yetu

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata ya mbuzi, maana mimi jina halinipotei. Lakini wengine wametangulia mbele ya haki na wengine sikuwauliza, kwa hivyo nitawataja kwa udugu tu. Aliyenifanya nishike kalamu, na kalamu na mimi hatujuani sana, ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Ni mzee kama mimi. Maisha yake yote ameendesha lori kutoka hapa Isiolo kwenda Marsabit na Moyale, enzi za vumbi na mawe.

Uani kwetu Bulla Pesa kulikuwa na gari ya Amerika. Si lori, si pikapu. Gari ya chini, milango miwili, viti viwili, pua ndefu, usukani upande wa kushoto. Gari ya mbio. Mwenyewe alikuwa kijana Mmarekani aliyekuja kuchimba visima, na sababu ya kuleta gari kama hiyo kwenye barabara zetu za wakati ule aliijua yeye na Mungu wake. Mimi nilikuwa bibi arusi wa juzi. Siku moja akapata habari kwamba baba yake ni mgonjwa sana kwao. Akampa mume wangu ufunguo, akasema, "Nitunzie mpaka nirudi." Mume wangu akajibu, "Hii ni amana." Kijana akaenda, hakurudi.

Nani asiyejua amana? Kitu cha mtu ukikabidhiwa hukitumii, hukiuzi, hukigawi. Watu walikuja kutaka kuinunua, mume wangu akawafukuza. Wengine waliomba tairi tu, akawafukuza. Aliifunika kwa turubai la lori na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuinua hata ncha. Tuliiogopa hivyo, na kuogopa huko ndiko kulikoimaliza, maana gari isiyoguswa inakufa. Turubai likaoza. Mume wangu akafariki, Mungu amrehemu, na mpaka siku zake za mwisho alikuwa akiuliza, "Ile gari ya watu iko namna gani?" Baada yake mbuzi wakaingia kwa dirisha, wakala viti, na jike mmoja akazalia humo ndani.

Mwaka jana mwanangu mwenye duka akapigiwa simu kutoka Amerika. Ni yule kijana, sasa mzee, ametupata kwa kuuliza huku na huku. Anakuja Kenya mvua ikiisha. Akauliza kama gari ipo. Mwanangu, mtu wa biashara, akamjibu, "Ipo sana."

Shemeji aliletewa habari hiyo hapa kwangu, akinywa chai. Alikishika kikombe mpaka chai ikapoa.

"Ipo sana," akasema. "Abaayo, tutampa nini? Tutampa zizi?"

Hilo abaayo ni dada, ndivyo anavyoniita tangu niolewe.

"Ni mtu mzima," nikamwambia. "Ataelewa."

"Yeye ataelewa. Na ndugu yangu? Si yeye aliyesema amana kwa mdomo wake? Yuko kaburini na gari ya watu shingoni."

Nikammiminia chai nyingine. Asubuhi yake akaja na boksi la spana.

Wallahi, nimeona watu wakifanya kazi, lakini kazi ile sijaona. Injini ilikuwa imeshikana kama jiwe. Akamimina dizeli na oili kwenye silinda zote, akaziacha zilowe, na kila baada ya swala ya Alasiri anakuja kuizungusha kwa mkono huku anaibembeleza kama ngamia aliyekataa kuinuka: "Haya mama, haya, inuka." Siku ilipotikisika kidogo alipiga kelele hata nikaacha mandazi yakaungua. Kabureta aliitandaza vipande vipande kwenye sinia langu la pilau. Sinia lile sijampakulia mtu tena.

Kisha ikaja siku ya nyundo. Ubavuni gari ilikuwa imebonyea, na shemeji akafanya kama angefanya kwa lori: akapiga. Pigo la kwanza tu, ubavu ukapasuka kama kibuyu. Kumbe bodi haikuwa chuma! Wazee waliozoea kukaa kwenye ukuta wetu wakacheka mpaka mmoja akashika kifua.

"Warya, we bwana! Umevunja amana!"

"Mbuzi walikuwa na huruma kuliko wewe!"

Yeye akainama, akapitisha kidole kwenye ufa, akanusa kidole. "Hii ni tangi la maji," akasema, akaondoka. Akarudi na mama mmoja wa Kiturkana anayeziba matangi ya plastiki na ya faiba mtaani. Yule mama akazunguka gari mara moja, akagonga hapa na pale kwa kucha.

"Mzee, ni faiba ile ile," akasema. "Tofauti ni kwamba tangi halina maringo."

Wakaziba pamoja, wakapiga msasa mpaka mkono ukawa unateleza. Halafu rangi, buluu ile ile ya zamani. Viti nilishona mimi. Shemeji aliniletea ngozi za mbuzi zilizolainishwa vizuri, akasema, "Walikula, sasa walipe."

Kadiri gari ilivyopendeza ndivyo ukuta ulivyojaa. "Mzungu akiona hii atakuachia tu," wakamwambia. "Utapita mjini kama gavana." Shemeji akaendelea kung'arisha boneti, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi.

Mgeni alikuja na binti yake, anatembea polepole. Shemeji alikuwa amevaa kanzu ya Idi. Akamwekea ufunguo kiganjani, akaufunga mkono wa mgeni kwa mikono yake miwili. "Ndugu yangu alipewa hii," akasema, na mwanangu akatafsiri. "Amana yako. Pokea." Mzee yule akalaza kiganja kwenye boneti, machozi yakamtoka bila kuyaficha. Akaingia, akawasha. Injini ikanguruma hadi kuku wakapanda ukutani na wazee. Akatukumbatia wote, akapiga honi, akatoka langoni na binti yake, wakashika lami ya kwenda Nanyuki. Sauti ikapungua, ikapungua, ikaisha.

Wazee wa ukutani wakageuka kumtazama shemeji. Kisha mmoja akasema, "Hata mzunguko mmoja hakukupa?"

"Hata kusema tu baki nayo, kwa mdomo!"

Mimi pia iliniuma, siwezi kudanganya. Nikamgeukia shemeji nimpe pole, nikamkuta anacheka, meno yote nje, kama kijana aliyeoa.

"Abaayo, unajua nilivyoogopa? Angesema baki nayo, ningebaki nayo. Ile gari nimeipenda, Wallahi nimeipenda. Na ndugu yangu angeendelea kudaiwa gari isiyorudi kwa mwenyewe."

Akanawa mikono kwenye mtungi wangu, akavaa kofia. Nilimwambia chai iko tayari. Akasema niiweke kwenye chupa, anapita makaburini kwanza, kuna mtu anasubiri habari.