Fundi Aliyempima Kaka Yake

Saa saba kasoro dakika tano mchana. Fundi Mita amesimama mbele ya bodi ya umeme ya nyumba yake, daftari la shule mkononi, kalamu imechomekwa sikioni. Hagusi kitu, maana hakuna kilichobaki cha kugusa. Jokofu alilizima zamani. Pasi, redio, taa za nje, vyote kwaheri. Swichi zote zimelala isipokuwa moja, na hiyo ndiyo inayompa mkewe pumzi.

Chumbani, mashine ya oksijeni yenye ukubwa wa stuli inapiga mlio mrefu, kisha inanyamaza. Betri imekwisha.

"Leo imejitahidi," anasema mkewe kutoka kitandani, akivuta neno mojamoja. "Jana iliniaga saa sita na nusu."

Fundi anaandika muda huo daftarini. Kisha anafungua mtungi mdogo wa akiba, ule anaoupeleka hospitali kwa baiskeli kila asubuhi kujazwa. Unatosha mpaka saa tisa. Umeme wa gridi, unaokatwa saa moja kila asubuhi, hurudi saa moja jioni. Hesabu yake ni ya darasa la pili, na mkewe, ambaye mtaa mzima bado unamwita Mwalimu, alifundisha darasa la pili kwa miaka kumi na tisa. Kwa saa nne nzima kila siku mkewe hukaa bila kitu, ameegemea mito mitatu, dirisha wazi.

Fundi Mita ana miaka hamsini na mbili, na miaka ishirini na sita ameishi kwa kupima umeme wa watu. Huitwa kwenye nyumba zenye bodi mbili au tatu, zilizoongezwa chumba baada ya chumba, sola juu, gridi chini, na hakuna ajuaye nini kinakula nini. Yeye huchora kila waya. Kisha huvisha waya vibanio vidogo vya plastiki vinavyosoma umeme unaopita na kupeleka habari kwenye simu ya mwenye nyumba.

"Watu hukimbilia kununua paneli," anasema. "Mimi huwaambia, jua kwanza umeme wako unakwenda wapi." Anacheka bila furaha. "Mganga hajigangi."

Ndani ya ua huu zipo nyumba mbili walizoachiwa na baba yao. Ya mbele ni ya kaka yake mkubwa, muuza maji baridi mwenye friza. Ya nyuma ni yake. Katikati lipo banda la betri, nalo lina bodi yake. Mapafu ya Mwalimu yalipoingia makovu na daktari akasema asikose mashine, ndugu hao walichanga bila kuombana. Kaka alinunua paneli saba zilizokwishatumika, akazifunga juu ya paa lake. Fundi alifunga tano juu ya lake. Zote zililisha betri moja.

Siku hizo betri ilikuwa inafika saa kumi na moja jioni, kisha mtungi unamalizia. Hapo ndipo ungedhani mtu angemshukuru Mungu akalala. Lakini mtungi nao huwa na siku zake, hospitali husema leo hakuna, na siku hizo Mwalimu aligeuka bluu midomoni. Fundi akaapa kuutafuta umeme uliokuwa ukipotea. Akapanga kupima ua mzima, bodi zote tatu, kama afanyavyo kwa wateja.

Vibanio vilimpungukia kimoja. Kwenye bodi ya kaka alihitaji viwili: kimoja kwenye waya mkubwa unaokwenda bandani, kingine kwenye waya unaoshuka kutoka paani. Akaweka kile cha kwanza tu. Nacho kilikuwa cha bei rahisi, cha kusoma ukubwa wa umeme bila kusema unaelekea wapi.

Siku nne mfululizo simu ikaonyesha jambo lilelile. Jua likipanda, nyumba ya mbele inapanda nalo. Saa sita mchana wati mia tano na hamsini, wakati nyumba yake mwenyewe inajibana kwenye mashine peke yake.

"Nilisema friza. Nilisema huyu anagandisha maji ya biashara kwa pumzi ya mke wangu," anakumbuka. "Sikulala kwa hasira."

Mwalimu alimuuliza swali moja tu. "Friza gani hiyo inayokula zaidi jua likiwa kali na kushiba jua likizama?" Fundi akamwambia apumzike, mambo ya umeme amwachie yeye.

Jumapili akaitisha kikao uani. Akaiweka simu mezani mbele ya kaka yake na mke wa kaka, na akatoa methali, maana mtu mwenye hasira hakosi methali: kikulacho ki nguoni mwako.

Kaka alitazama ile michoro ambayo hakuielewa. Hakubisha. "Wewe ndiye fundi," alisema. "Kama kipimo kinasema nakula pumzi ya shemeji yangu kila jua likipanda, basi ni zile paneli zangu. Nisile tena."

Asubuhi yake akapanda juu na spana, akashusha paneli zote saba.

Mchana ule friza bado ilikuwa inaunguruma. Fundi akafungua simu. Nyumba ya mbele: wati mia moja na hamsini. Friza ni ileile, watu ni walewale, matumizi ni yaleyale. Kilichoondoka ni paneli tu.

"Nilikaa chini pale pale kwenye saruji," anasema. "Zile wati mia tano na hamsini alikuwa anazitoa, si kuzila. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa inatulisha. Mimi nikamwita mwizi."

Ungefikiri alikimbia hatua thelathini kuvuka ua. Hakukimbia. Alikaa siku kumi na moja. Aibu ilimfunga miguu. Alipomwona kaka akitoka, alijifanya anatafuta koleo. Siku ya kumi na mbili Mwalimu alimwambia, "Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi, na mimi nitafika mlangoni nimekufa."

Kaka alimkaribisha, akamvutia kiti, akamtilia chai. Alisikiliza hadithi ya kibanio mpaka mwisho.

"Mdogo wangu, nilikusamehe palepale uani," alisema. "Lakini paneli nimeziuza juzi. Nilidhani hamzitaki."

Mnunuzi alikuwa msafiri wa lori, alikwisha kwenda zake. Pesa zilikwisha kuwa ada na mabati.

Tangu hapo friza huwashwa usiku tu, kwa umeme wa gridi, na saa tisa ikifika, kaka huvuka ua akiwa na kipande cha boksi, anakaa upande mmoja wa kitanda na kumpepea shemeji yake. Upande wa pili hukaa Fundi. Mwalimu huwatania kwamba amepata feni mbili zisizohitaji umeme, halafu huitafuta kwa muda mrefu pumzi iliyoliwa na utani huo.

Kazi haijakoma. Wateja bado wanakuja, na kila mmoja Fundi humwambia kwanza kuhusu waya unaoshuka kutoka paani. Nyumba moja humlipa kiasi cha robo ya bei ya paneli, na mwezi mzuri huwa na nyumba mbili. Ukitoa chakula, dawa na mtungi, anasema anaweza kununua paneli mbili kwa mwaka.

Mpango ameuchora ukurasa wa mwisho wa daftari: bodi tatu, vibanio sita, kila kimoja na mahali pake, na juu ya paa la mbele miraba saba mitupu. Ataijaza miwili kila mwaka. Miaka mitatu na nusu, paa litakuwa kama lilivyokuwa.

Na daktari amesemaje?

Fundi anafunga daftari, anatazama mlango wa chumbani, kisha anashusha sauti.

"Akikosa pumzi hivi kila siku, alitaja mwaka mmoja," anasema. "Ila mbili za kwanza nitakuwa nimeshazifunga."