Jua Halijatua, Nikakifuturisha Kijiji

Nimekosa, jamani! Na kosa lenyewe si la kumkosea mtu mmoja ukamwendea ukamwomba radhi yakaisha. Nimekikosea kijiji kizima kwa siku moja, wanaume kwa wanawake, na wageni wao juu.

Jina langu sitalitaja, wala kijiji chetu. Jueni tu kwamba ni huku kusini mwa Pemba, upande wa Kengeja, na kwamba wenzangu wakisomewa gazeti hili barazani watanijua kabla msomaji hajafika katikati. Basi na wanijue. Nimechoka.

Kila Ramadhani sisi watu wazima wa kwetu tuna mazungumzo yetu baada ya Alasiri, ya kuusukuma mchana. Tunaizungumza siku tuliyochukua kombe. Ni miaka ya kabla ya vita, lakini ukitusikia utadhani ni juzi. Faki, aliyelifunga bao, husimama kabisa atuonyeshe. Zamani alikuwa akisema mpira ulimgonga gotini ukaingia. Siku hizi umeshapanda kichwani, na kabla ya kuupiga anawachenga watu wanne! Hatumkatazi, maana kila mmoja wetu ana uwongo wake wa siku ile.

Kisha lazima atokee mtu aseme, na adhana ya siku ile je? Hapo wote hunigeukia mimi. Wanasema hawajapata kusikia adhana tamu kama ile. Nami nainamisha kichwa, nao wanadhani ni haya ya mtu anayesifiwa.

Laiti wangejua!

Timu yetu ilikuwa ya wachuma karafuu na wavuvi wa pweza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kiatu. Mpira wetu wa mazoezi ulikuwa umeshonwa na kushonwa tena hata ukawa na pembe, ukiupiga kulia unakwenda unakotaka wenyewe. Bwana mmoja mwenye mashamba ya mikarafuu alitoa kombe lishindaniwe na timu za kisiwa, nasi tukaingia ili tusisemwe kuwa tumeogopa. Tukawatoa watu wa Wingwi. Tukawatoa watu wa Shumba. Kila mara kwa bao moja la bahati nasibu, na kila mara tukirudi juu ya gari ya mizigo tumekalia magunia, tumekauka sauti kwa kuimba.

Fainali ikatukutanisha na timu ya mjini. Hao walikuwa makarani, wana viatu vya mpira, wana soksi, wana jezi za rangi moja. Na walikuwa na Saidi Mrefu. Saidi alikuwa hajapata kukosa penalti, watu wakisema akiupiga mpira golikipa anasikia tu upepo.

Kura ikaangukia uwanja wetu, na siku ikaangukia ndani ya Ramadhani, masika yamepamba moto. Mechi ilikuwa ianze Alasiri, lakini gari ya watu wa mjini ilikwama kwenye tope. Walifika jioni, wamelowa hadi magotini kwa kuisukuma, na saumu imewakaba koo. Refa, mtu mzima mwenye heshima zake, akawaita manahodha. Wakakubaliana kwamba hapatakuwa na kuhesabu dakika. Watacheza mpaka adhana ya Magharibi. Adhana ikiita mpira basi, kila mtu akafungue saumu yake, na wakiwa sare mechi irudiwe mjini.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Ningependa kumsingizia shetani, lakini tumefundishwa kwamba Ramadhani mashetani hufungwa minyororo, kwa hiyo hata huyo sina.

Muadhini wetu, Mzee Shaame, alikuwa kitandani ana homa. Alinikabidhi mimi msikiti kwa kuwa nilikuwa na sauti, tena nzuri, nisijinyime haki yangu. Akanikabidhi na saa ya mfukoni ya msikiti, ambayo alikuwa akiirekebisha kila jua likitua. Siku ile mawingu yalikuwa mazito, jua halikuonekana tangu adhuhuri. Kijiji kizima hakikuwa na njia ya kujua Magharibi isipokuwa kinywa changu.

Mimi nilisimama kwenye ngazi ya msikiti, uwanja uko chini yangu wote naumiliki kwa macho. Faki akafunga. Kwa goti! Nasema kwa goti, na Faki anisamehe. Uwanja ulipagawa, wanawake walipiga vigelegele mpaka refa akawaomba wapunguze.

Baada ya hapo hatukuvuka tena nusu ya uwanja. Wale makarani walitushindilia golini kwetu kama watu wanaotia karafuu ndani ya gunia. Mwisho beki wetu mmoja, mpira unaingia wavuni, akaudaka kwa mikono miwili. Alipoulizwa baadaye alisema alisahau.

Penalti!

Saidi Mrefu akauweka mpira, akaufuta tope kwa kiganja, akaanza kurudi nyuma taratibu. Watu wetu wengine waliupa uwanja mgongo wasione. Nikaitazama saa. Ilikuwa bado robo saa. Nikaitazama tena, labda ingenihurumia. Bado robo saa.

Nikatia vidole masikioni, nikaelekea kibla, nikaadhini.

Na niliadhini vizuri! Ndilo linaloniuma zaidi. Sauti ilitoka safi, ikashuka uwanjani, ikaenda hadi mashambani. Saidi alikuwa ameshaanza kukimbia, akasita. Mtu amefunga, amesukuma gari, amecheza topeni jioni nzima, kisha anasikia adhana. Aliutazama mpira. Akayatazama madafu yaliyopangwa pembeni. Akaenda kwenye madafu.

Refa aliitazama saa yake ya mkononi, akaitikisa, akaiweka sikioni, akaitikisa tena. Kisha akaiamini adhana na kupokea tende. Nasikia saa yenyewe aliipeleka kwa fundi.

Wote wakafungua saumu kwa pamoja, wetu na wao, kwa furaha na kwa uchungu. Mpira ulibaki pale pale ulipowekwa, hakuna aliyeujali. Yule bwana wa mikarafuu akalikabidhi kombe, na kombe lilipokuwa likipita mikononi mwa watu mimi nilikuwa nazunguka na tende mkononi, sijaitia mdomoni. Ndiyo! Nilikuwa nangoja wakati. Nimewalisha watu wote, yangu nimeitunza. Hata kukimu swala nilichelewesha kwa makusudi, nikijifanya nashangilia, mpaka saa ikafika. Swala yao, alhamdulillahi, iliangukia wakati wake. Saumu ndiyo iliyokwenda.

Katikati ya kungoja huko Mama akaja na bakuli la uji. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya msikiti. Alikuwa ameshakunywa maji yake, uso umechangamka.

"Mwanangu, kuku wangu leo wana n'nini?" aliniuliza. "Watu washafuturu, wao wangali wapekua uani kuno, hapana hata mmoja aliyepanda kulala."

Nikamwambia ni zogo la mpira limewachangamsha. Akacheka, akaniachia bakuli, akarudi zake. Aliniamini kwa sababu mimi ni mwanawe, na kwa sababu ilikuwa adhana. Nani anayeitilia shaka adhana?

Asubuhi yake nilimrudishia Mzee Shaame saa. Nilimkuta amejiinua kidogo kitandani. Yeye alikuwa na nyiradi zake, dua alizokuwa akizisoma kila siku tangu Alasiri, na Magharibi humkuta ndiyo anamaliza. Hata homa haikumwachisha.

"Jana nyiradi zangu hazijesha, adhana ikaita," alisema. "Nikawaza labda homa imenifanya mzito. Ilikuwa homa, au weye?"

Nikamjibu ni mimi. Nikamweleza yote, hata penalti.

"Na weye ulifungua?"

Nikasema la, nilingoja wakati.

"Basi kijiji kizima chala, afungaye ni weye peke yako," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Miye sitasema neno. Ulimi uloita watu ndio utakaowaambia. Idi ikisha, waambie walipe siku yao."

Idi ikaisha. Kombe likawekwa barazani, kila apitaye analishika. Wanawake walikuwa wameshalitungia wimbo, na mimi nimo ndani ya wimbo! Ningesimama vipi niwaambie? Nikasema nitangoja shangwe zipoe. Shangwe za kwetu, ndugu zangu, hazijapoa hadi leo.

Mzee Shaame akafariki kabla ya Ramadhani nyingine, na kweli hakusema neno. Wazee wakaniletea ile saa, wakasema msikiti sasa ni wako. Nikawaambia koo langu limeharibika. Wakanibembeleza, nikakohoa mbele yao kama mgonjwa, wakaondoka wakisifu unyenyekevu wangu. Tangu hapo sijaadhini. Anayeadhini sasa ni mja mwema sana, lakini sauti yake ni ya mlango usiotiwa mafuta, na kila alfajiri inaniamsha nikiwa na hasira ya kitu nilichojinyang'anya mwenyewe.

Hata hivyo ningekufa nayo. Nilikuwa nimeshazoea. Aliyenitoa humo ni Mama.

Mama alikuwa na kibati kidogo cha bati. Siku zilizokuwa zikimpita katika Ramadhani, kwa uzazi au kwa mambo ya kike, alikuwa akizitilia humo karafuu kavu, moja kwa kila siku. Akilipa siku, anatoa karafuu yake. Hakuwahi kuuingia mwezi wa Shaabani na karafuu ndani ya kibati. Wanawake wenziwe walikuwa wakimtania kwamba hata malaika wanakuja kuulizia hesabu kwake.

Mwaka huu, mwezi wa Rajabu, maradhi yalimzidi. Siku moja aliniomba nimpe kibati. Akakitikisa karibu na sikio langu kwa mkono uliokuwa hauna nguvu. Kilikuwa kimya.

"Wasikia?" alisema. "Sidaiwi."

Nikamwambia nasikia. Mungu wangu! Nilikuwa nimeshika mkono wake, na neno liko hapa kwenye meno, na nikamwambia nasikia. Akafariki juma lile akiwa ameridhika. Alikuwa anadaiwa siku moja, na deni nilimtilia mimi.

Baada ya matanga nilifunga mlango nikalia kama mtoto. Kisha nikamwendea shehe mmoja wa mbali, nikamweleza habari za "rafiki yangu". Shehe akanitazama sana, akasema rafiki yangu huyo ameshapata dhambi ya kutosha, na waliofuturu walipe siku moja, na aliyekufa afungiwe na nduguze.

Nikachukua karafuu moja, nikaitia ndani ya kibati, nikamfungia Mama. Jioni nilikaa ukumbini na tende yangu. Sikungoja adhana. Niliwangoja kuku. Walipopanda wote, hata yule jogoo mkaidi, ndipo nilipoitoa karafuu na kufungua saumu.

Ndugu zangu, haya ndiyo niliyofanya. Wale waliokuwapo siku ile, wa kwetu na wa mjini, mnadaiwa siku moja. Mliofiwa, wafungieni watu wenu. Mkitaka kunitukana, nitukaneni, lakini mkishafungua saumu. Msije mkaharibu na hiyo.

Na wewe kijana unayekabidhiwa jambo la watu, iwe saa, iwe ufunguo, iwe sauti yako tu, tahadhari na ushabiki! Timu yako ikielekea kushindwa, iache ishindwe. Utalia siku mbili, utakula, utasahau. Mimi nilishinda, na tangu ushindi ule sijapata kuufurahia hata siku moja, nimekaa nao kama mtu aliyekalia mwiba mbele ya wageni.

Saidi Mrefu, wewe huja kwetu kila msimu kununua karafuu, na kila ukija unasema, "Ile ningefunga," nasi tunakucheka mpaka unanywa kahawa yako kwa kununa. Ulikuwa na haki. Njoo Idi ikisha. Mpira tutauweka pale pale, golini nitasimama mimi. Faki atakasirika, na wewe usimjali, piga.

Kibati cha Mama nimekiweka barazani kwangu. Nimetia karafuu ndani yake, moja kwa kila mtu ninayemkumbuka, na ukikitikisa sasa kinalia hadi njiani. Atakayelipa siku yake aje achukue karafuu yake, nyumbani kwangu mnapajua. Siku kitakaponyamaza, koo langu litapona na nitapanda tena kuadhini. Mara ya kwanza hiyo, msifungue kinywa mpaka muwatazame kuku.