Namba ya Mwalimu Aliyekataa Kubebwa

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka kifua kinanijaa. Leo unapoanza kazi kwenye dirisha langu la fakitire, panapoandikwa bili za wagonjwa, hapa hospitalini Rumonge, acha nikusimulie. Usiniharakishe.

Nilikuwa binti mbichi kazini. Kila hali ya mgonjwa ilikuwa na namba yake, na mituweli, bima yetu ya afya, ililipa kwa kufuata namba hiyo. Anayetembea alipata dawa tu. Asiyeweza kutembea alipata dawa, kiti cha magurudumu, na muuguzi wa kumfuata nyumbani.

Basi akaletwa mwalimu wangu wa shule ya msingi, mzee wa Kigwena, majirani wamembeba kwa ingobyi, ile machela yetu ya mabegani. Getini akaamuru ashushwe. Abebwe mbele ya mwanafunzi wake? Thubutu! Akajikokota akishika ukuta, akasimama dirishani jasho likimtiririka, akanisalimu kwa mikono miwili. Kisha akaniagiza niandike namba ya mwenye kutembea.

Huyo ndiye aliyenifundisha kushika kalamu, mwanangu. Kumkatalia hakukuwa rahisi. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikafunga dirisha, nikatoka, nikamkalisha kwenye benchi, nikachuchumaa mbele yake. Sikumuuliza kama anatembea. Mwanamume wa huku kwetu ziwani atakujibu kwamba anakimbia. Nilimuuliza, kwa sauti ya chini, nani anamfikisha chooni.

Akajifuta jasho. "Ni mama wa batoto," akasema. "Ananibebaka ku mugongo."

"Basi Mwalimu, hii namba haiko yako peke yako. Iko na ya mugongo wa Mama."

Akainamisha kichwa. "Andika, mwanangu."

Kiti kikaja. Mkewe akapumzika mgongo, akarudi kuuza mawese yake sokoni. Na mwalimu, kila aliposukumwa kupita hapa, alinionyesha kwa watu akisema huyu nimemfundisha mimi. Sijapata cheti kinachoshinda hicho, na ninajivuna, wala usinikataze.

Kwa hiyo usiandike kile tu ambacho macho yameona dirishani. Watu wetu husimama kwa heshima hata miguu ikiwa imekufa. Toka nje, inama, uliza nani anambeba mgonjwa, kisha waandikie wote wawili. Mungu akupe sikio la kusikia kile mgonjwa anachoona haya kukisema, na siku miguu yako itakapokataa, akuletee wa kukuuliza kwa upole.