Riwaya Isiyo na Mtu Mwema

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ni ya msimu wa pamba pale Nkoma, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao kushindana na chama cha ushirika. Ilikuwa vurugu tu. Wapimaji hawakukagua sana, ilimradi wasizidiwe kete na wenzao, na watu wakalijua hilo haraka. Pamba ikanyunyiziwa maji, nyingine ikatiwa mchanga, ili ivute mzani.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimeolewa juzijuzi. Pamba ya nyumba nzima tuliiuza kwa jina la mama mkwe wangu, Mayu, kama Wasukuma tunavyomwita mama. Toka aanze kulima, hakuna karani aliyewahi kufungua gunia lake kutafuta uchafu.

Basi rafiki yangu wa Bariadi mjini akaniazima riwaya mpya. Jamani, kitabu kile! Baba mlafi, mama mwongo, na kijana wao mkulima anatia mchanga kwenye pamba, halafu Jumapili yumo kanisani na shati limenyooka. Lugha ilikuwa tamu, sikatai. Lakini kila ukurasa nilikuwa nakunja uso.

Mayu hakujua kusoma. Mchana ule tuliketi kwenye turubai, yeye anachambua pamba, nyeupe huku, yenye madoa kule, mimi namsomea. Kila alipotokea yule kijana, Mayu alicheka mpaka machozi. Mwishowe nikafunga kitabu.

"Mayu, basi. Nakirudisha. Mwandishi gani huyu, hana hata mtu mmoja mwema?"

Hakuinua macho. "Soma, mwalimu. Huyo wa mchanga nataka kujua anaishia wapi."

"Ataishia pabaya. Mwizi tu yule."

"Haya. Na lile gunia lako la nyuma, mbona asubuhi nimelishika likanilowesha mkono?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimelimwagia maji mwenyewe, kikombe baada ya kikombe, nikijiambia kila mtu anafanya. Na kesho yake lingekwenda mzanini kwa jina lake.

Hakunigombeza. Alisogea tu, akaniachia nafasi kwenye turubai. Nikalileta lile gunia, nikalimwaga juani. Lori likaja, likaondoka, pamba yetu bado imeanikwa. Mume wangu alinuna siku nzima. Mayu yeye alisema, "Sasa soma."

Nikasoma mpaka mwisho. Sikukipenda, na mpaka leo sikipendi. Yule mwandishi angetupatia walau mtu mmoja wa kupumzika naye. Hata hivyo nilikirudisha Bariadi kwa heshima, nimekifunga kwenye gazeti.

Kwa hiyo nakwambia, mwanangu, usikitupe kitabu kwa sababu watu wake ni wabaya. Kutokipenda ni haki yako, wala usijilazimishe kukisifu kwa kuwa wasomi wanakisifu. Ila pale kinapokuudhi zaidi, kiweke chini kidogo, uende ukalishike gunia lako mwenyewe.

Mungu akupe macho ya kusoma na subira ya kumaliza. Akupe na mtu kama Mayu nyumbani kwako, atakayejua gunia lako limelowa, na bado asogee kando upate pa kukaa.